Lodi Cardigan: ukoo, ndoa, fedha na jeshi (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Lodi Cardigan ni nani hasa?

Ni James Thomas Brudenell, Erli wa 7 wa Cardigan, kabaila wa Kiingereza na afisa wa askari wapanda farasi. Alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1797 huko Hambleden, Buckinghamshire, na kufariki tarehe 28 Machi 1868 nyumbani kwake Deene Park, Northamptonshire. Anakumbukwa kwa muda mfupi sana wa maisha yake: tarehe 25 Oktoba 1854 aliongoza Brigedi Nyepesi kwenye bonde la Balaclava, Krimea, katika vita vya Uingereza, Ufaransa na Waturuki dhidi ya Urusi, huku mizinga ya Warusi ikiwa mbele, kushoto na kulia. Ukitaka kujua mtu wa hulka yake alipewaje brigedi, usianzie vitani. Anza na daftari la fedha za familia na orodha ya mashemeji.

Mbona vitabu vinamwita mara Brudenell, mara Cardigan?

Brudenell ni jina la ukoo. Cardigan ni jina la cheo. Mtu mmoja hubadilika jina kadiri anavyopanda kwenye mstari wa urithi:

- Tangu 1797 hadi 1811 ni James Brudenell tu, kwa sababu baba yake hakuwa bado erli.
- Mwaka 1811 baba yake, Robert, anarithi na kuwa Erli wa 6. Mtoto anaanza kuitwa Lodi Brudenell. Hilo ni jina la heshima kwa mrithi, halimpi kiti katika Baraza la Malodi.
- Agosti 1837 baba anafariki. Mwana anakuwa Erli wa 7, na tangu hapo ni Lodi Cardigan.

Ndiyo maana aliweza kuwa mbunge wa Baraza la Makabwela huku akiitwa Lodi. Aliingia bungeni mwaka 1818 kwa kiti cha Marlborough, mji ambao kura zake zilikuwa mkononi mwa ndugu wa ukoo huohuo. Walipotofautiana kisiasa mwaka 1829, kiti kikaenda.

Mpangilio wa vyeo vya ukabaila, kuanzia juu, ni duki, markizi, erli, vaikaunti na baroni. Binti wa erli huitwa Ledi pamoja na jina lake la kwanza (Ledi Anne). Mke wa erli huitwa Ledi pamoja na jina la cheo (Ledi Cardigan). Ukichanganya hayo mawili utamgeuza dada kuwa mke, na kosa hili limejaa kwenye miti ya ukoo ya mtandaoni.

Alilelewaje?

Mtoto wa kiume pekee aliyeishi, katikati ya dada saba. Chakula chote cha jioni kilizunguka yeye. Alisoma shule ya Harrow, kisha chuo cha Christ Church, Oxford, akatoka bila shahada, jambo ambalo kwa mrithi wa erli halikuwa hasara yoyote. Nyumba ya Deene Park ilikuwa mikononi mwa akina Brudenell tangu 1514, na huko alijifunza kitu kimoja vizuri sana: kupanda farasi. Hata maadui wake hawakumkatalia hilo.

Alijiunga na jeshi lini?

Mwaka 1824, akiwa na miaka 26, umri ambao vijana wengine wa tabaka lake walikuwa tayari makapteni. Aliingia Rejimenti ya 8 ya Mahusari (wapanda farasi wepesi) kama koneti, cheo cha chini kabisa cha uafisa kwenye vikosi vya farasi, mfano wa luteni usu wa leo. Mwaka 1825 akawa luteni, 1826 kapteni, 1830 meja na, kabla mwaka huohuo haujaisha, luteni kanali. Miaka sita kutoka chini hadi cheo cha kuongoza rejimenti, bila vita hata kimoja.

Inawezekanaje?

Kwa kununua. Katika vikosi vya farasi na vya miguu, vyeo vya kuanzia koneti hadi luteni kanali viliuzwa kwa bei iliyopangwa na serikali. Bei rasmi za mwaka 1821 kwa rejimenti za kawaida za farasi zilikuwa:

- koneti: pauni 840
- luteni: pauni 1,190
- kapteni: pauni 3,225
- meja: pauni 4,575
- luteni kanali: pauni 6,175

Hizo si bei za kulipwa upya kila mara. Afisa anayepanda huuza cheo alichonacho na kuongeza tofauti. Kutoka luteni kwenda kapteni, kwa mfano, alitakiwa kuongeza pauni 2,035. Hatua hiyo ndiyo iliyowakwamisha wengi, maana ni kubwa kuliko zote. Mtoto wa mchungaji angeweza kuwa luteni mpaka mvi zimtoke, akiongozwa na vijana waliozaliwa yeye akiwa tayari kazini.

Utaratibu wenyewe ulikwenda hivi. Afisa wa juu anatangaza kwamba anataka kuuza na kustaafu. Anayefuata kwa ukongwe ndani ya rejimenti anaulizwa kwanza kama ana fedha. Akisema hana, anaulizwa wa pili, na kuendelea. Fedha hupitia kwa mawakala wa rejimenti, jina linapelekwa kwa Amiri Jeshi kwa idhini, kisha tangazo linatoka kwenye gazeti rasmi la serikali, London Gazette.

Mambo yalipoharibikia ni kwenye nyongeza ya chini ya meza. Sheria ilikataza kulipa zaidi ya bei rasmi, lakini kwenye rejimenti za kifahari kila mtu alilipa. Inasemekana Lodi Brudenell alitoa kati ya pauni 35,000 na 40,000 ili apate kuongoza Rejimenti ya 15 ya Mahusari mwaka 1832. Bei rasmi ilikuwa 6,175.

Vikosi vya mizinga na wahandisi havikuwa na biashara hii. Huko mtu alipita chuo cha Woolwich na kupanda kwa zamu. Mfumo wa kununua ulifutwa mwaka 1871, miaka mitatu baada ya Cardigan kufa.

Je, mshahara ulirudisha fedha hizo?

Hapana. Luteni kanali wa farasi alilipwa shilingi 23 kwa siku, kama pauni 420 kwa mwaka. Pauni 40,000 zikiwekwa kwenye dhamana za serikali za asilimia 3 zingezaa pauni 1,200 kwa mwaka bila mtu kuamka alfajiri. Tena afisa alijinunulia farasi, sare, tandiko na mvinyo wa mesi, yaani ukumbi wa chakula wa maafisa. Jeshi kwa mtu kama huyu lilikuwa mahali pa kutumia fedha, halikuwa mahali pa kuzitafuta.

Kulikuwa na hatari pia. Cheo kilikuwa akiba ya uzeeni, kwa kuwa afisa aliyestaafu alikiuza. Afisa aliyefukuzwa kwa hukumu alipoteza fedha yote. Na aliyeuawa vitani kwa kawaida alikufa nayo: aliyemfuata alipanda bure, na familia ikabaki na pensheni ndogo ya mjane.

Ni kweli aliwahi kuondolewa kazini?

Kweli, mwaka 1834. Alimshtaki Kapteni Augustus Wathen wa Rejimenti ya 15 kwa mashtaka ya kuudhi yaliyosikilizwa na mahakama ya kijeshi mjini Cork, Ireland. Wathen alishinda. Ilipojitokeza kwamba kamanda alikuwa ameweka watu wa kuandika kwa siri maneno ya maafisa wake, aliondolewa kwenye uongozi wa rejimenti.

Mwingine angeishia hapo. Lakini baba yake alikuwa na sauti kwa Mfalme William IV, na dada yake Harriet alikuwa ameolewa na Erli Howe, mkuu wa nyumba ya Malkia Adelaide, mke wa mfalme huyo. Machi 1836 alikabidhiwa Rejimenti ya 11, iliyokuwa India wakati huo. Tunaona hapa ndipo ukoo unapoonekana waziwazi: fedha ilinunua cheo mara ya kwanza, ila mara ya pili ilibidi mlango ufunguliwe kutoka ndani.

Rejimenti ya 11 ilikuwaje chini yake?

Ilipendeza na ilikuwa na kisirani. Mwaka 1837 alirithi mapato ya kama pauni 40,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ikaenda kwenye mavazi na farasi wa rejimenti. Mwaka 1840 rejimenti ilimsindikiza Prince Albert kutoka Dover hadi Canterbury akienda kumwoa Malkia Victoria. Zawadi yake ikawa jina jipya, Mahusari wa 11 wa Prince Albert, pamoja na suruali nyekundu iliyobana.

Ugomvi ulikuwa na maafisa waliorudi kutoka India baada ya miaka mingi. Cardigan aliwadharau kwa kuwa hawakuwa na fedha wala adabu za London. Mei 1840, kwenye chakula cha wageni mjini Canterbury, Kapteni John Reynolds aliagiza mvinyo wa Moselle kwa ajili ya mgeni. Ukaletwa mezani ukiwa ndani ya chupa yake nyeusi badala ya kumiminwa kwenye jagi la kioo. Cardigan alidhani ni pota, bia nyeusi ya wafanyakazi, ambayo alikuwa ameipiga marufuku mesini. Reynolds alikemewa, akajibu, akawekwa chini ya ulinzi. Nchi nzima ikasikia, na watu wakawa wanamzomea Cardigan kwa maneno “chupa nyeusi” hata akiwa amekaa zake kwenye ukumbi wa maigizo.

Na lile pambano la bastola?

Kapteni Harvey Tuckett, aliyewahi kuwa kwenye rejimenti hiyo, aliandika gazetini kumshambulia. Tarehe 12 Septemba 1840 walikutana Wimbledon Common, karibu na kinu cha upepo. Risasi za kwanza zilikosa. Za pili, Tuckett akaanguka na jeraha, ingawa alipona. Mwenye kinu alikuwa pia konstebo, akawakamata palepale.

Erli hakuhukumiwa na mahakama ya kawaida kwa kosa kubwa la jinai. Alihukumiwa na malodi wenzake. Kesi ilisikilizwa tarehe 16 Februari 1841 na kumalizika siku hiyohiyo. Hati ya mashtaka ilimtaja aliyejeruhiwa kwa majina yote manne: Harvey Garnett Phipps Tuckett. Kadi iliyotolewa kama ushahidi ilisema Kapteni Harvey Tuckett. Upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba ni mtu mmoja, kesi ikaanguka. Malodi mmoja mmoja wakasimama na kusema “hana hatia, kwa heshima yangu”. Duki wa Cleveland peke yake aliongeza neno: hana hatia kisheria.

Alioa mara ngapi?

Mara mbili. Mke wa kwanza, Elizabeth Tollemache, alikuwa mke wa afisa mwingine, Johnstone, alipotoroka na Lodi Brudenell. Talaka enzi hizo ilihitaji sheria maalumu ya Bunge: mume anamshtaki kwanza mwanamume aliyemchukulia mke ili alipwe fidia, anapata hukumu ya kutengana kwenye mahakama ya kanisa, ndipo anapeleka muswada bungeni. Kwa gharama hizo talaka ilikuwa ya matajiri. Elizabeth na James walioana Juni 1826. Ndoa haikudumu kwa amani; waliishi mbalimbali kwa miaka mingi bila kuachana rasmi.

Elizabeth alifariki Julai 1858. Septemba mwaka huohuo, Cardigan, akikaribia miaka 61, alimwoa Adeline de Horsey huko Gibraltar. Bibi harusi alikuwa na miaka 33. Uhusiano wao ulikuwa umejulikana mjini kabla ya mke wa kwanza kufa, na Malkia Victoria hakumpokea Adeline kwenye baraza lake.

Alikuwa na watoto?

Hakuacha mtoto wa ndoa. Cheo cha erli hufuata damu ya kiume tu, hivyo dada zake na watoto wao hawakuhesabika. Mwaka 1868 kilimwendea binamu wa mbali, George Brudenell-Bruce, Markizi wa 2 wa Ailesbury. Tangu hapo “Erli wa Cardigan” limekuwa jina la heshima la mrithi wa markizi huyo.

Deene Park ni habari nyingine, kwa kuwa nyumba si cheo. Adeline aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1915, akiwa ameolewa tena mwaka 1873 na kabaila wa Kireno, Conde de Lancastre. Baada yake nyumba ilirudi kwa akina Brudenell wa tawi jingine. Wanaoandika kwamba “mali yote ilikwenda kwa markizi” wamechanganya njia mbili za urithi.

Lucan alikuwa nani kwake?

Shemeji yake, na adui yake. George Bingham, Erli wa 3 wa Lucan, alimwoa Ledi Anne Brudenell mwaka 1829. Ndoa ilivunjika, na kaka mtu aliona dada yake ameonewa. Mwaka 1854 serikali ilimpa Lucan Divisheni ya Wapanda Farasi, na chini yake, Cardigan akapewa Brigedi Nyepesi. Kila amri ya brigedi ilipaswa kupita kwa shemeji. Cardigan alijaribu kumruka na kuandika moja kwa moja kwa Amiri Jeshi, Lodi Raglan, akarudishwa. Halafu akaishi ndani ya mashua yake ya anasa, Dryad, iliyotia nanga bandarini Balaclava, maili kadhaa kutoka kwa askari wake waliolala kwenye mahema.

Kosa la Balaclava lilikuwa la nani?

Swali hili hatulikwepi. Raglan alikuwa juu ya kilima akiona bonde zima. Aliona Warusi wakitaka kuondoka na mizinga waliyoiteka kwenye ngome ndogo za Waturuki, akaagiza wapanda farasi wasonge mbele haraka kuwazuia. Amri iliandikwa na Jenerali Airey, afisa wa makao yake makuu, bila kutaja mizinga ipi. Lucan, aliyekuwa chini bondeni, hakuiona mizinga hiyo. Alipouliza, mleta barua, Kapteni Louis Nolan, alinyoosha mkono kwa hasira kuelekea mwisho wa bonde, ambako betri (kundi la mizinga) ya Warusi ilikuwa imejipanga.

Lucan na Cardigan walisemezana kwa maneno machache. Cardigan alisema wazi kwamba kuna mizinga mbele na bunduki pembeni kote. Lucan akajibu kwamba Raglan ndiye anayetaka. Kati ya mashemeji wanaozungumza kama watu, mmoja angetuma mpanda farasi kilimani kuuliza tena. Hawa walipeana saluti ya upanga na kuachana.

Karibu watu 670 kutoka rejimenti tano walikwenda kama kilomita 2 chini ya moto. Nolan aliuawa mwanzoni kabisa. Kama watu 110 walikufa, kama 160 wakajeruhiwa, na farasi zaidi ya 300 walipotea. Cardigan alikuwa mbele ya wote, hakugeuka nyuma, akafika kwenye mizinga na kuipita. Kisha akarudi peke yake, akiamini kwamba si kazi ya jenerali kupigana na askari wa kawaida, na kuwaacha watu wake wajitafutie njia.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, amri mbovu ni ya Raglan na Airey, kutokuuliza ni kwa Lucan, na Cardigan anadaiwa kwa kuondoka mapema. Woga haumo kwenye deni lake. Mwaka 1863 alimpeleka mahakamani Somerset Calthorpe, aliyeandika kwamba hakufika kwenye mizinga. Ombi lake halikukubaliwa, ila ushahidi uliotolewa humo uliweka wazi kwamba alifika.

Farasi wake alinusurika?

Ndiyo. Ronald, mwekundu wa kahawia, alirudi Uingereza na kuishi kuliko bwana wake, hata akatembezwa kwenye mazishi. Kichwa chake kimehifadhiwa Deene Park.

Sweta ya vifungo mbele ilitoka kwake kweli?

Jina, ndiyo. Linahusishwa na fulana ya sufu iliyovaliwa wakati wa vita vya Krimea, na wafanyabiashara wakaliuza jina lake alipokuwa shujaa wa magazeti mwaka 1855. Kwamba aliibuni mwenyewe ni hadithi tu.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo mmoja, kupitia rejimenti yake. Luteni Alexander Dunn wa Mahusari wa 11, mzaliwa wa Toronto, alipata Victoria Cross, nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza, kwa kuokoa wenzake siku ya Balaclava. Baadaye alitoroka na mke wa kanali wake. Januari 1868, akiwa kwenye msafara wa Waingereza dhidi ya Mfalme Tewodros wa Uhabeshi, alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mawindoni. Kaburi lake liko Senafe, ndani ya Eritrea ya leo.

Nina jina la afisa wa Kiingereza wa karne ya 19. Nitamtafutaje?

1. Thibitisha jina alilotumia mwaka unaoutafuta. Cardigan kabla ya Agosti 1837 yumo chini ya Brudenell. Lucan kabla ya 1839 ni Bingham. Raglan kabla ya 1852 ni Lodi Fitzroy Somerset.
2. Fungua Orodha ya Jeshi ya mwaka huo. Ile ya Hart, iliyoanza 1839, ni bora kwa kuwa inaeleza pia vita alivyopigana mtu.
3. Tafuta tangazo la kupandishwa cheo kwenye London Gazette, na usome maneno ya mwisho. “Kwa ununuzi” maana yake alilipa. “Bila ununuzi” mara nyingi maana yake aliyemtangulia alikufa au nafasi ni mpya.
4. Kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Kew, London, fungu WO 31 lina barua za maombi ya vyeo kuanzia 1793 hadi 1870, na humo ndimo hupatikana barua za baba, mjomba na wafadhili wa familia. WO 76 lina kumbukumbu za utumishi.
5. Wosia wa kabla ya tarehe 12 Januari 1858 ulipita mahakama za kanisa; wa matajiri wengi umo kwenye fungu PROB 11 hukohuko Kew. Baada ya tarehe hiyo, tafuta kwenye daftari la kitaifa la mirathi.

Angalia sana maafisa wa vikosi vya walinzi wa mfalme. Wao walikuwa na vyeo viwili kwa wakati mmoja: kapteni ndani ya rejimenti, luteni kanali ndani ya jeshi. Ukikuta mtu “ameshushwa” kutoka luteni kanali hadi kapteni kati ya kitabu kimoja na kingine, kwanza tazama kama alikuwa mlinzi.